Kinamasi cha Mke Mwenza

Nanyama hakuwa na ugomvi na vyura. Ugomvi wake ulikuwa na mwenye vyura.

Mwenye vyura alikuwa Edinah, mke mwenza wake. Kinamasi cha Edinah kilikuwa chini ya mteremko, upande huu wa mto Nzoia kabla hujafika Moi's Bridge, na nyumba yake ilikaa kando ya kinamasi hicho, juu ya mwinuko mdogo mkavu. Nanyama yeye alikaa juu kabisa, penye barabara. Katikati palikuwa na ua wa minyaa, na hatua chache ndani ya ua huo, upande wa Nanyama, palikuwa na kaburi la Wakoli, mume wao. Hao ndio majirani: mke wa juu, mke wa chini, na marehemu kati yao kama mtu anayeamua ugomvi aliokwisha kuuchoka.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye kugawa shamba. Wakoli alihama Bungoma akiwa kijana, akaja huku Kitale kutafuta ardhi enzi zile mashamba ya wazungu yalipokuwa yakigawanywa. Alipozeeka aliwaita wake zake wawili wakakaa mbele yake, akasema hataki kuacha kelele nyuma. Mkubwa achague kwanza. Nanyama hakupepesa jicho. Alichukua juu, penye udongo mwekundu na mahindi ya kusifiwa, halafu akacheka kicheko chake cha puani.

"Huyo mwachie vyura," alisema. "Wataimba naye."

Edinah hakujibu neno. Alikunja leso yake magotini, akainuka, akaenda kuchota maji. Na kimya hicho, jamani, kilimkera Nanyama kuliko tusi lolote. Mtu ukimpiga kofi asilie, mkono ndio unaokuuma wewe.

Miaka ikapita, na vyura wakaanza kulipa. Edinah alipanda nduma ukingoni mwa kinamasi, nduma nene, za rangi ya majivu ndani, laini zikichemshwa. Zikawa zinasubiriwa Kitale kama mgeni wa harusi. Halafu kulikuwa na litosi. Kila baada ya miaka miwili, Agosti ikifika, vijana wa Kibukusu wanaoingia jando huteremshwa alfajiri na wanaume hadi kwenye kinamasi kile, wakapakwa tope baridi mwili mzima, kisha wakapandishwa nyumbani kukutana na kisu. Tope hilo ndilo litosi, na si kila tope ni litosi. Wazee waliohamia kutoka Bungoma walizunguka sana kabla ya kukubali kwamba tope la pale linafaa. Vijana huteremkia kwa Edinah, na kwa kuwa aliyepakwa litosi harudi kwa njia aliyoendea, hupandia kwa Nanyama. Basi kwa Edinah watu husimama, husalimu, huombea. Kwa Nanyama hupita mbio wakiimba na kumkanyagia maharagwe.

Nanyama alikuwa na kitu kimoja tu cha kumshinda mwenzake, nacho kilikuwa kaburi. Mume huzikwa kwa mke mkubwa, ndiyo desturi, na Wakoli alizikwa kwake. Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, Nanyama alichukua ufagio na kufagia kaburi lile. Alifagia polepole. Alifagia hata siku ambayo hapakuwa na jani. Akainama, akamwambia mzee habari za ng'ombe na za mvua, kwa sauti iliyotosha kuvuka ua wa minyaa. Wakati huo mlango wa jiko la Edinah ulitazama juu, moja kwa moja kaburini, na Nanyama alijua kabisa kwamba wa chini anaona.

Halafu asubuhi moja, mwaka ule ule wa matanga ya mzee, akainua kichwa akakuta hakuna mlango. Kuna ukuta. Edinah alikuwa ameziba mlango wa jikoni na kutoboa mwingine upande wa pili, unaotazama kinamasi.

"Amenipa mgongo," Nanyama alisema peke yake, ufagio mkononi. "Amenipa mgongo mimi, na mzee pia."

Hasira za mwanamke huyu zilikuwa hazilali. Nyuma ya jiko lake, si mbali na kaburi, kulikuwa na chemchemi, jicho la maji ambalo mkondo wake ulipita kando ya mwinuko wa Edinah na kwenda kukilisha kinamasi. Nanyama alibeba mawe akaifukia. Kisha akaenda kununua miche ya blugamu na kuipanda pande zote, maana kila mtu anajua blugamu inavyokunywa maji. Miti ikarefuka. Kinamasi kikaanza kurudi nyuma, kikiacha ukingo mkavu uliopasuka. Edinah aliona, hakosi kuona. Hakusema kitu. Alihamisha tu nduma zake akazipanda ndani zaidi.

Mambo yalikuwa hapo tajiri mmoja wa Eldoret alipokuja na gari lake refu. Alitaka kinamasi. Alitaka kukijaza udongo, ajenge hoteli na nyumba za kukodisha. Edinah akamkatalia. Kisha serikali ya kaunti nayo ikatangaza kwamba ingependa kukinunua, si kwa kujenga bali kwa kukiacha vile kilivyo, kiwe cha watu wote na kisijengwe milele. Ila lazima kwanza wananchi watoe maoni.

Nanyama alizipata habari hizo Kitale, tena kwa aibu. Alikuwa amepeleka mboga za managu kwa Zulekha, mama wa Kiislamu aliyeuza chai na nduma karibu na msikiti, mtu mwenye mdomo mwepesi na mizani isiyodanganya. Redio ya pale kibandani ilikuwa imefunguliwa, wasikilizaji wakipiga simu.

"Mimi napiga kutoka Kapsokwony," mmoja alisema. "Hiyo swampu isijengwe bana. Kaunti inunue haraka. Huku kwetu mito imekauka juu ya hii mambo ya kujenga kila mahali."

Mwingine akaingia kutoka Bungoma. "Tunasema heko kwa huyo mama Edinah. Ati tajiri alikuja na pesa mingi, mama akakataa! Wamama kama hawa wamebaki wangapi? Kaunti inunue, na huyo mama apewe heshima yake."

Simu zikafuatana. Hakuna aliyepinga. Wote wanunue, wanunue, wanunue, na Edinah, Edinah, Edinah. Nanyama alihisi kitu kikimpanda kifuani, cha moto, kama uji uliomezwa kabla ya kupoa. Alikuwa anaona gere, na tusimtafutie neno lingine.

"Si huyo ni mwenzako?" Zulekha aliuliza huku akimimina chai.

"Mwenzangu wa wapi?"

"Wa kwa mzee Wakoli. Si mko boma moja?"

"Huyo alipewa matope. Mimi ndiye nilimwachia hayo matope. Kama si mimi, angekuwa na nini?"

"Basi umefanya vizuri kumwachia," Zulekha alisema, akicheka kwa macho tu. "Hata sisi wa hapa msikitini tumeweka sahihi inunuliwe. Bila nduma ya Edinah, wateja wangu chai haiwateremki."

Nanyama aliinuka. Chai yake ilibaki imejaa.

"Mama Bramwel, kunywa kwanza! Unakimbilia wapi?"

"Nimeshiba."

"Haya. Lakini nikuambie, dada yangu, kijicho nacho ni ugonjwa, na duka la dawa halina yake."

Kufika nyumbani simu ikalia. Ni Bramwel, mwanawe, mwalimu kule Bungoma. Sauti yake ilijaa furaha. "Mama, umesikia? Mama Edinah yuko kwa redio! Huku shuleni walimu wote wanaongea juu yake. Nimewaambia huyo ni mama yangu mdogo."

"Na mkubwa umewaambia ni nani?" Nanyama akauliza, akakata simu.

Siku ya mkutano wa maoni, uwanja wa kanisa ulifurika. Walikuja wakulima, walikuja wafanyabiashara wa mahindi kutoka Moi's Bridge, Zulekha alikuja na kundi la wenzake wa mjini wamefunga mitandio ya rangi. Kaunti ilimtuma afisa wa ardhi aitwaye Fridah, msichana mwenye gambuti miguuni na sauti ya upole. Edinah aliwekwa mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono. Nanyama alikaa nyasini.

Alikuwa amekuja kuharibu. Tusiseme uongo. Alikuwa amepanga kusimama na kueleza kwamba kinamasi kile kinakufa, kimekauka ukingoni, na serikali haifai kununua maiti. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima. Lakini watu walisimama mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja akauliza, wakijaza udongo pale, wajukuu wake watapakwa nini, saruji? Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama wa kutoka Lugulu akasema kwao walichelewa, mahali pao pa litosi sasa pana karakana ya magari. Kila aliyesema alimalizia kwa kumshukuru Edinah, na kila mara Edinah aliinamisha kichwa kidogo, kwa adabu ile ile ya kuudhi. Nanyama alipoona vile, kuharibu hakukumtosha tena. Alitaka sifa ile iwe yake.

Akasimama bila kuitwa.

"Nyinyi mnanunua mkia," alisema, "na ng'ombe mmemwacha!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Hiyo maji ya kinamasi inatoka wapi? Inanyesha kutoka kwa nyumba ya huyo? Inatoka kwangu! Chemchemi iko kwangu, nyuma ya jikoni yangu. Hiyo litosi mnaimba ni maji yangu imeteremka. Bila mimi huko chini ni vumbi. Kama kaunti inataka kununua, inunue kwa mwenye maji!"

Fridah aliinua macho. "Kuna chemchemi, mama? Sisi tulipopima hatukuona."

"Iko. Ilifunikwa na mawe."

"Ilifunikwa na nani?"

Mtu fulani nyuma alikohoa. Wote walizijua zile blugamu. Nanyama akatazama pembeni. "Mawe ilianguka," alisema, na kicheko kikapasuka uwanja mzima. Edinah peke yake hakucheka. Alitazama mikono yake.

Lakini Fridah hakuwa amekuja kucheka. Aliomba aonyeshwe. Basi mkutano wote ukapanda mteremko nyuma ya Nanyama, ambaye alitembea mbele kama bibi harusi, akapita kaburini, akapita jikoni, akapiga magoti kati ya blugamu zake na kuanza kung'oa mawe kwa mikono yake mwenyewe. Hakutaka asaidiwe. Jiwe la mwisho lilipotoka, palikuwa na tope tu. Halafu tope likatikisika, likafunguka, na maji yakatoka. Kwanza machafu. Kisha meupe.

Kina mama walipiga vigelegele. Mzee yule wa litosi aliyachota kwa kiganja, akanawa uso. "Kumbe ndiyo hii," alisema. "Kumbe mama ya kinamasi ni huyu." Na pale pale wakamwita Mama Chemchemi.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nanyama alisifiwa mwezi mzima. Redio ilimtaja, naye safari hii alimpigia Bramwel yeye mwenyewe. Alikwenda Kitale akanywa chai ya Zulekha mpaka tone la mwisho. Kaunti ilikubali: kinamasi na chemchemi vitanunuliwa pamoja, kuanzia kwenye jicho la maji mpaka mtoni. Na kwa kuwa sehemu yake ilikuwa penye barabara, thamani yake ilishinda ya Edinah. Jambo hilo alihakikisha kila mtu analijua. Asubuhi alifagia kaburi, akamweleza mzee kwa sauti: "Umesikia, baba Bramwel? Mimi ndiye kichwa. Yule ni mkia." Kisha alikaa kidogo kando ya maji, kwa sababu, ajabu, alikuwa ameanza kuyapenda.

Fridah akarudi na vijana wa kupima. Walipigilia vigingi kutoka kwenye chemchemi, wakapita nyuma ya jiko, wakapita mbele ya jiko, wakazunguka nyumba. Nanyama aliwafuata akitabasamu mpaka alipoona kigingi kimesimama kando ya barabara na nyumba yake yote, pamoja na shamba, viko ndani.

"Mwanangu, hapa mmekosea."

"Hatujakosea, mama." Fridah aliketi kwenye jiwe, akamvuta akae naye. "Chemchemi haiwezi kulindwa kama kuna choo na ng'ombe hapo juu yake. Blugamu zote zitakatwa. Nyumba lazima itoke. Kaburi litabaki, hakuna mtu atagusa kaburi, na njia ya kuingia itakuwa wazi kwa wote. Lakini hakuna mtu ataishi humu ndani."

"Na huyo wa chini?"

"Mama Edinah? Mwinuko wake uko nje ya mstari. Maji haipiti pale. Yeye haguswi."

Nanyama alitazama chini. Paa la Edinah lilikuwa pale, juu ya mwinuko wake, limekaa raha mustarehe, karibu na kaburi kuliko paa lingine lolote litakalobaki duniani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila huyu alikuwa amekichimba mbele ya mkutano mzima, akipigiwa vigelegele.

"Na nikikataa?"

"Ni hiari yako, hatulazimishi mtu. Lakini wakubwa wamesema bila chemchemi hawawezi kununua kinamasi. Ni wewe ulitufunza, mama. Bila chemchemi ni vumbi."

Alipewa muda afikirie. Alifikiria kila njia, na kila njia ilikuwa na Edinah mwisho wake. Akikataa, kaunti itajitoa, tajiri wa Eldoret atarudi, na Edinah hatakuwa na sababu ya kumkatalia tena. Atahamia Kitale kwenye nyumba ya mawe, na watu watasema Nanyama ndiye aliyeua litosi. Akikubali na kwenda kukaa kwa Bramwel, atakaa ghorofa ya pili Bungoma, huku Edinah akibaki na mzee peke yake, asubuhi, mchana, jioni. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kumwona, akasikiliza manung'uniko yake yote, kisha akasema kwa upole, "Mama, ulisimama mbele ya watu. Aliyepakwa litosi harudi kwa njia aliyoendea." Nanyama alimfukuza. Lakini neno lilibaki.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu matanga, Edinah alipanda mpaka kwenye ua wa minyaa.

"Mama Bramwel," alisema kutoka upande wake. "Nimesikia nyumba inatoka. Huku kwangu kuna nafasi. Ukitaka, jenga."

Nanyama alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni akitafuta dhihaka. Hakuiona, na hilo likamuudhi zaidi.

"Nitaangalia kama inanifaa," alijibu, kama mtu aliyeombwa msaada.

Akatia sahihi. Siku ya kuhama, majirani walikuja kubeba mabati na mbao, blugamu zikianguka nyuma yao moja moja kwa kishindo. Nanyama alikwisha chagua mahali. Alikuwa amezunguka mwinuko wa Edinah wote, akakataa penye kivuli, akakataa penye tambarare, akasimama mahali pabaya kuliko pote, penye mawe, katikati kabisa ya jiko la Edinah na ua wa minyaa.

"Hapa," aliwaambia mafundi. "Ukuta wa nyuma uwe huku kwa jikoni. Mlango uangalie juu."

Fundi alikuna kichwa. "Mama, si utamfungia huyu jua yote ya asubuhi?"

"Nimekuambia hapa."

Nguzo ya kwanza ilikuwa imesimama tayari Edinah alipotoka na sufuria ya nduma na birika la chai. Aliweka chini, akaitazama nguzo, akalitazama jiko lake, akamtazama mwenzake.

"Hapo ni mawe matupu, Mama Bramwel. Kwa nini usijenge pale kwa miparachichi?"

Nanyama alikuwa amechoka. Alikuwa amebeba godoro lake mwenyewe mteremko mzima, na mtu aliyechoka hukosa nguvu ya kudanganya. "Sitaki uwe unamwangalia," alisema. "Mimi nimetolewa kwa mzee, na wewe ukae hapa ukipika ukimwangalia? Hapana. Heri uangalie ukuta wangu."

Edinah alinyamaza. Nanyama akajua ni kile kimya chake cha siku zote, akageuka kuendelea na kazi. Lakini safari hii kimya kilivunjika.

"Mimi kumwangalia? Mlango yangu iko wapi?"

"Najua iko wapi. Uligeuza unipe mgongo."

"Nigeuze nikupe mgongo? Ati mgongo!" Sauti ya Edinah ilipanda, na mafundi wakajifanya wanatafuta misumari. "Niligeuza nisikuone. Kila asubuhi unamfagia. Unainama, unaongea na yeye, unamwambia mambo ya ng'ombe. Mimi niko hapa na mwiko mkononi, ugali inaungua, macho iko kwako. Niliona wivu mpaka nikawa siezi kula. Nikasema heri niangalie vyura." Akapangusa uso kwa ncha ya leso. "Ulichagua juu, mimi nikapewa matope. Sikusema kitu. Halafu akakufa, na hata yeye ukapewa wewe."

Nanyama alisimama na nyundo mkononi. Alitazama ukuta ule wa jikoni, mahali ulipozibwa mlango, udongo wa kuzibia bado una rangi tofauti kidogo. Alikuwa ameuchukia ukuta ule kuliko kitu chochote hapa duniani. Kwa ajili yake alifukia maji. Kwa ajili yake alipanda miti iliyokuwa ikianguka nyuma yake sasa hivi. Na miaka yote hiyo, nyuma ya ukuta, mwanamke huyu alikuwa anauguza ugonjwa ule ule. Aliona haya. Na chini ya haya, kwa siri, aliona furaha ndogo, kwamba kumbe alionewa gere na yeye.

"Miaka hii yote," alisema mwisho, "na hukusema kitu, Edinah."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Ungesikia?"

Nanyama aliweka nyundo chini. Alimgeukia fundi. "Ng'oa hiyo nguzo. Peleka kwa miparachichi."

Kisha akaenda kwenye rundo la vitu vyake, akapekua kati ya vikapu na sufuria mpaka akaupata ufagio wa kaburini, umeisha upande mmoja kwa kazi. Alirudi nao, akausukuma mikononi mwa Edinah karibu kwa ukali.

"Kesho fagia wewe," alisema. "Lakini upande wa kichwa usiguse. Huo ni wangu."